Kusoma Grafu ya Kasi na Wakati: Basi la Mwendokasi Kati ya Vituo Viwili

Karibuni wanafunzi. Chukueni karatasi ya grafu, penseli na rula, kwa sababu tutachora safari ya basi la mwendokasi la Dar es Salaam kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata. Namba ni za mfano, nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi.

Kabla ya kugusa mstari wowote, someni mihimili. Mhimili wa mlalo ni wakati kwa sekunde. Mhimili wa wima ni kasi kwa mita kwa sekunde. Nasisitiza hatua hii kwa sababu wengi wakiona mstari uliolala hudhani basi limesimama, jambo ambalo lingekuwa kweli kama wima ungeonyesha umbali.

Sasa wekeni nukta ya kwanza kwenye sifuri, ya pili penye sekunde 8 na kasi 12, ya tatu penye sekunde 28 na kasi ileile, ya mwisho penye sekunde 34 na kasi sifuri, kisha ziunganisheni.

Kipande cha kwanza kinapanda. Mteremko wake, kama hisabati inavyouita hata mstari unapopanda, ni 12 gawanya kwa 8, yaani 1.5. Huo ndio mchapuko: kila sekunde ikipita, kasi inaongezeka kwa mita 1.5 kwa sekunde. Cha pili kimelala, mchapuko ni sifuri, ingawa abiria wanakwenda kilomita 43.2 kwa saa. Cha tatu kinashuka, mteremko ni hasi 2. Hapa tulieni kidogo, kwani hasi hiyo haisemi kwamba basi linarudi nyuma. Maadamu mstari uko juu ya mhimili wa wakati, basi bado linasonga mbele, ila dereva amekanyaga breki.

Umbali tunaupata kwenye eneo lililo chini ya mstari. Tazameni mraba mmoja mdogo wenye upana wa sekunde 1 na kimo cha mita 1 kwa sekunde: ukizidisha, sekunde zinafutana, inabaki mita 1. Kwa hiyo pembetatu ya kwanza, nusu ya 8 mara 12, ni mita 48, mstatili 240, pembetatu ya mwisho 36, jumla mita 324.

Simamisheni video, mchore upya kipande cha mwisho kwa dereva anayetumia sekunde 12 kusimama. Pembetatu hiyo inapaswa kuwapa mita 72.