Somo la Siasa halikufa, lilibadilishwa jina tu

Habari za asubuhi walimu wenzangu, na nyie ambao mwakani ndo mtakuwa mmeshika chaki wenyewe. Mada niliyopewa ni itikadi ya kisiasa na ufundishaji wa maarifa ya jamii shuleni, na najua mkisikia neno itikadi wengi mnawaza vyama, bendera, kampeni, magari yenye spika. Mimi naomba tuanzie kwenye daftari la mtoto.

Mwaka 2003 nilikuwa nafundisha darasa la sita. Andalio la somo limekaa sawa, mada ni vijiji vya ujamaa, nimejaza ubao kama siku zote, maana ya kijiji cha ujamaa halafu faida zake tano, na watoto wananakili kimya kabisa. Faida ya kwanza wananchi walisogezewa huduma kama shule, maji na zahanati, ya pili walilima pamoja, na kuendelea. Tukiwa kwenye faida ya nne mtoto mmoja wa kike, dawati la tatu upande wa dirishani, akanyoosha kidole akasema, "Mwalimu, bibi anasema walivyohamishwa nyumba yao ilichomwa moto, na mahindi yalikuwa bado shambani. Hiyo naiandika faida ya ngapi?"

Jamani, yule mtoto hakuwa anatania wala hakuwa mjeuri. Alikuwa ameshika kalamu anasubiri nimpe namba aandike.

Nikamjibu, "Andika zilizopo ubaoni, hizo za bibi haziulizwi kwenye mtihani." Akainama akaendelea kunakili. Na mimi nikaendelea na faida ya tano.

Nimeishi na jibu lile miaka yote hii, na ndo sababu nimekubali kuja hapa leo. Bibi yake alikuwa anasema kweli. Novemba 1973 ilitoka amri kwamba kuishi vijijini ni lazima, ikaja Operesheni Vijiji, na mpaka kufikia 1976 mamilioni ya watu walikuwa wameshahamishwa, wengine kwa hiari yao, wengine kwa kupakiwa kwenye malori, na kuna sehemu nyumba zilichomwa ili watu wasirudi kule walikotoka. Na notsi zangu nazo zilikuwa zinasema kweli, maana kuna vijiji vingi vilipata shule ya kwanza na kisima cha kwanza kwa sababu ya mpango huohuo. Vyote viwili vilitokea, katika nchi hiihii, wakati mwingine katika kijiji kimoja. Lakini ubaoni palikuwa na nafasi ya kimoja tu, na nafasi hiyo niliigawa mimi.

Sasa nisikilizeni hapa. Hakuna mtu wa chama aliyekuja kuniambia niandike vile. Vyama vingi vilikuwa vimerudi tangu 1992, somo la Siasa lilikuwa limeshafutwa zamani. Zile faida tano nilizitoa kwenye daftari langu la chuoni, mkufunzi wangu naye alizitoa kwake, na yeye sijui alizitoa wapi. Hivyo ndivyo itikadi inavyoishi shuleni, inarithiwa daftari kwa daftari na anayeirithisha hajui kabisa kama ameibeba.

Zamani angalau ilikuwa inatembea na jina lake. Sisi tuliosoma miaka ya sabini somo lilikuwa linaitwa Siasa, mwalimu wa Siasa anajulikana, asubuhi mchakamchaka na nyimbo za chama, ukutani picha, na hakuna aliyekudanganya kwamba lile somo halina upande. Chama kilikuwa kimeshika hatamu na kilisema hivyo mchana kweupe. Azimio la Arusha, lile tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, limetangazwa Februari 1967, na Machi ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, na huo waraka nawaombeni sana mkausome wenyewe, msikubali kusimuliwa, maana watu wengi wanaujua kwa majembe na bustani za shule tu. Humo ndani Mwalimu anasema elimu lazima imjenge mtoto kwa mambo matatu: awe na akili ya kudadisi, aweze kujifunza kwa wanachofanya wengine na kukikataa au kukigeuza kifae mahitaji yake, na ajiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake.

Akili ya kudadisi! Huo ndo waraka wa itikadi yenyewe, umeandikwa na mwenye itikadi yake, na unadai mtoto adadisi. Halafu ukafika shuleni, sisi walimu tukaugeuza ukawa swali la mtihani, "taja mambo matatu yaliyosisitizwa na Elimu ya Kujitegemea", mtoto anakariri "akili ya kudadisi" kama kasuku, anapata maksi zote na hajawahi kudadisi kitu hata siku moja. Hili mimi linaniuma kuliko hata propaganda. Propaganda mtu mzima anaweza kuja kuigundua baadaye, ila mtoto aliyezoeshwa miaka saba kwamba kila swali la jamii lina jibu moja na jibu hilo liko kwa mwalimu, huyo anaondoka na kitu ambacho hata ukimbadilishia chama tawala na katiba bado anacho. Kesho anakuja mwingine na jibu lake moja la upande wa pili kabisa, naye ananakili.

Ndo maana nasema somo la Siasa halikufa. Lilipoondoka likaja Uraia, baadae tukawa na Maarifa ya Jamii, mara likagawanywa tena Historia, Jiografia na Uraia kila moja kivyake, mara yakarudi Maarifa ya Jamii na pembeni Uraia na Maadili, na sasa tuna Historia ya Tanzania na Maadili kwenye mtaala mpya. Majina yamebadilika sana, silabasi zimebadilika, ila pita darasani kesho uone, bado ni taja, orodhesha, eleza faida nne.

Kuna wenzetu wanasema basi dawa ni kutoa siasa yote, tufundishe facti tupu, tarehe na majina. Nawaelewa, lakini haiwezekani, na nitawaonyesha kwa mtu mmoja tu. Mada ya kudai uhuru, TANU imezaliwa 7 Julai 1954, 1955 Bibi Titi Mohamed anaongoza wanawake wa TANU, anazunguka nchi nzima kuhamasisha, uhuru 9 Desemba 1961. Facti tupu hizo, zote sahihi, na madarasa mengi yanaishia hapo. Mwanafunzi akiuliza "halafu Bibi Titi alikuwaje?" utamjibu nini? Maana facti nyingine, sahihi vilevile, ni kwamba alikamatwa 1969, akashtakiwa kwa uhaini, 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Ukiamua hadithi yake iishe 1961 umeshachagua, na ukiamua iendelee mpaka 1972 umechagua pia. Hata neno unalolitumia ni uchaguzi, mwaka 1905 kule kusini Mjerumani aliita uasi, sisi tunaita Vita vya Majimaji, risasi ni zilezile.

Kwa hiyo kuchagua hatuwezi kukwepa. Tunachoweza ni kuacha kuficha kwamba tumechagua.

Wajerumani hilo waliligombania sana miaka ya sabini, walimu wa mrengo huu na wataalamu wa mrengo ule, na 1976 walikutana mji mdogo unaitwa Beutelsbach, wakaondoka na kanuni tatu ambazo mpaka leo walimu wao wa siasa wanazifuata. Moja, usimzidi nguvu mwanafunzi ukamlazimisha kufika kwenye msimamo wako kabla hajaunda wa kwake. Mbili, jambo linalobishaniwa na wataalamu na wanasiasa huko nje, na darasani liende likiwa linabishaniwa hivyohivyo. Tatu, mwanafunzi asaidiwe kuona yeye mwenyewe anasimama wapi katika hilo jambo na anaweza kufanya nini. Wale ni watu ambao shule zao zilishatumika kumlelea Hitler kizazi kizima, wanajua wanaongelea nini. Siwaambii tukaige, ila ile ya pili mimi niliichukua nikaenda nayo darasani, na nataka niwaambie ilivyokuwa.

Azimio la Arusha lina masharti ya uongozi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa kwenye kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Niliyaandika ubaoni yote, safari hii bila neno faida wala hasara. Chini yake nikaandika kwamba Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikayalegeza. Basi. Nikawaambia kaeni wanne wanne, nyie ndo mnakaa kile kikao, mtayaacha au mtayalegeza, na mniambie kwa nini.

Sijawahi kusikia kelele nzuri kama zile. Kijana mmoja baba yake alikuwa diwani na ana nyumba za kupangisha, akasema kiongozi asipokuwa na kipato chake ndo ataiba. Mwenzake akamwambia mwenye nyumba kumi hawezi kupigania wapangaji. Binti mmoja akasema mishahara miwili akatae, ila nyumba kama karithi kwa baba yake afanyeje, aitupe? Wale watoto walikuwa wanabishana jambo lilelile walilolibishania wakubwa wa nchi hii 1967 na tena 1991, na kwa hoja zilezile. Hapo nilimaliza kipindi sijasema msimamo wangu, na wala hakuna aliyeuhitaji.

Siku nyingine chukua Katiba. Ibara ya 3 mpaka leo inasema nchi yetu ni ya kidemokrasia, ya kijamaa, na inafuata mfumo wa vyama vingi vya siasa. Usiseme kitu, waache wasome. Lazima atatokea mmoja aulize, "Mwalimu, ya kijamaa? Wapi?" Usimjibu. Mrudishie, muulize yeye ukitaka kujua kama nchi ni ya kijamaa utaangalia nini. Au Tume ya Jaji Nyalali, ile iliyoundwa kuchunguza kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi, 1991 ilizunguka kuuliza wananchi, karibu wanane kati ya kumi wakasema tubaki na chama kimoja, na bado ikapendekeza vyama vingi. Ilifanya sawa? Mimi mwenyewe nimelifikiria swali hilo zaidi ya miaka ishirini na kila mara nabadilika.

Sasa nisieleweke vibaya, siyo kila kitu kina pande mbili. Utumwa hauna pande mbili. Kazi za shuruti za mkoloni hazina safu ya faida na safu ya hasara, mwalimu anayegawa ubao katikati hapo anamkosea mtoto. Watoto wabishane pale ambapo watu wenye akili timamu na nia njema kweli wanatofautiana, na kujua pale ni wapi ndo ualimu wenyewe, hakuna kiongozi cha mwalimu kitakachokufanyia hiyo kazi.

Mtaniuliza kuhusu msimamo wako mwenyewe, mtoto akikuuliza mwalimu unampigia nani kura. Usimwambie. Wewe ndo unasahihisha daftari lake, neno lako halina uzito sawa na la kwake, na akishajua upande wako nusu ya darasa itaanza kuandika ya kukupendeza na nusu itanyamaza. Akimaliza shule mkakutana mtaani, mwambie.

Kuna woga pia, tusijifanye haupo. Mimi mkuu wa shule mmoja, simtaji, aliniita ofisini baada ya kile kipindi cha masharti ya uongozi, akaniuliza naleta uchochezi wa nini. Nilichomuonyesha ni andalio la somo na mada ilivyo kwenye silabasi, neno kwa neno. Alisoma, akanirudishia, hakusema kitu. Kwa hiyo andalio lenu liwe safi, mada iwe ya mtaala, na matini iwe ya umma, Katiba, Azimio, ripoti ya tume. Hizo hakuna wa kukulaumu kuzifungua mbele ya watoto.

Na hili somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, mimi nalifurahia kweli, watoto wetu wajue walikotoka. Ninachokiogopa ni neno moja, uzalendo. Kama tutaliingiza kwa mtindo uleule wa "taja sifa tano za mzalendo", basi yule mtoto wa dirishani atanyoosha kidole tena atuulize, bibi yake aliyelalamika kuchomewa nyumba ni mzalendo au siyo mzalendo, na sisi tutamwambia anakili.

Nimewaletea karatasi, zipitisheni nyuma. Upande wa kwanza ni zile notsi zangu za 2003 kama zilivyokuwa, faida tano. Upande wa pili ni mtupu. Kaeni wanne wanne, mna dakika ishirini, muandike upya kipindi kile kwa namna ambayo yule mtoto akiuliza swali lake, liwe na mahali pa kukaa. Nitapita kila kundi.