Nikirudi Moshi nakula wapi: kutoka Stesheni mpaka Mbuyuni

Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu hamjambo. Sasa hivi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nipo mbele ya Stesheni ya Moshi. Ngoja niwageuzie kamera muone mlima Kilimanjaro. Mmeona? Kibo huyo, Mawenzi yule, wingu hakuna hata moja. Ikifika saa tatu atakuwa ameshajifunika, kwa hiyo mtazameni vizuri.

Haya. Kila Desemba ikikaribia mnaniuliza swali moja, hasa ninyi mlioolewa huku uchagani mnaokuja ukweni mara ya kwanza: dada, tukifika Moshi tule wapi? Na mimi nawajibu vilevile kila mwaka: kuleni mjini kwenyewe, huku mitaa ya zamani, kuanzia hapa relini mpaka soko la Mbuyuni. Ni mwendo wa miguu, hamhitaji bodaboda. Watu wanashuka kwenye basi wanakimbilia hoteli za nje ya mji kwa sababu zina bustani na maegesho. Mwaka juzi hata mimi nilipelekwa kwenye mojawapo, sitaitaja, nikaletewa mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama, wa jana uliopashwa moto. Mtori ukilala unashikana kama ugali. Nilisikitika kweli, maana mezani tulikuwa na mgeni ambaye hajawahi kuuonja, na hicho ndicho alichoondoka nacho.

Kwa nini naanzia hapa stesheni? Kwa sababu Moshi ya kwanza haikuwa hapa. Ilikuwa kule juu mlimani, Old Moshi. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ikaishia huku chini, mji nao ukashuka kuifuata, ukaja na jina lake. Kwenda Arusha reli ilifika mwaka 1929. Hesabuni wenyewe: miaka kumi na minane treni inaishia hapa. Watu wa pwani wanashuka, Wahindi wenye maduka wanashuka, na huku kina mama wanateremka kutoka Kibosho, Uru na Old Moshi na mikungu ya ndizi kichwani. Ndiyo maana mitaa hii ina majiko mawili. Kuna jiko la mlimani na kuna jiko lililokuja na treni, na ukitembea dakika kumi unakula yote mawili.

Tunaanza na la mlimani, kwa sababu halingoji mtu.

Huyu mama ninayemfuata ameniomba nisimwoneshe sura, kwa hiyo mtaona sufuria tu. Anapika upenuni, karibu na soko. Nyama ya mifupa aliibandika usiku wa manane. Ndizi ni mshare, mbichi kabisa. Tazameni mikono yake, ameipaka mafuta kwanza, la sivyo utomvu unaganda kwenye vidole siku nzima. Akishamenya anazitumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi, halafu zinaingia kwenye supu na kitunguu. Zikiiva mpaka zinapasuka zenyewe, anatoa mifupa, anaziponda, anapekecha mpaka uji unakuwa laini, anarudisha nyama, anamalizia na samli. Huo ndio mtori. Ukizidisha nyanya umeharibu, na hili nalisema nikijua kuna watu watanuna.

Kwetu hiki ni chakula cha mzazi. Mwanamke akijifungua anawekwa ndani, anahudumiwa, na kitu cha kwanza anacholetewa ni bakuli la mtori. Mama yangu anasema alikunywa mpaka akauchoka, lakini anakiri ndio uliomsimamisha. Kwa hiyo unapoona vijana wa bodaboda na makarani wamekaa kwenye benchi asubuhi wanaunywa kabla ya kazi, ujue wanakunywa chakula cha uzazi, na hakuna anayeona haya.

Kule ninakoishi, Leicester, Uingereza, nimejaribu. Ndizi za kupika zinapatikana, lakini mshare sijawahi kuiona dukani. Nikitumia hizi nene kama mzuzu, mtori unakuwa mtamu. Wanangu wanaupenda hivyohivyo, wanadhani ndivyo ulivyo, na jambo hilo linaniuma kuliko baridi ya kule.

Saa tatu na nusu sufuria huwa tupu. Ukija saa nne utaambiwa pole.

Tumevuka sasa, hii mitaa ya maduka yenye vibaraza ndiyo iliyojengwa na Wahindi. Hapa tafuteni sambusa, kachori, bhajia za viazi na chai ya maziwa yenye tangawizi. Kanuni yangu ni moja: simama palipo na karai la moto na watu waliosimama, usinunue kilichopangwa nyuma ya kioo. Niwape kisa. Mtaani kwangu Leicester kuna bibi wa Kihindi mwenye duka. Aliposikia natoka Moshi alinisemesha Kiswahili, tena kizuri. Migahawa ya kule ya Wahindi waliotoka Afrika Mashariki inauza muhogo wa kukaanga, na wao wanauita “mogo”. Nimekaa Uingereza nakula muhogo wa kwetu kwenye sahani ya Kihindi, nikirudi hapa nakula kachori ya Kihindi kwa mikono ya mama wa Kipare. Ni jiko lilelile.

Pale mbele ni Mnara wa Saa, na jengo la KNCU lipo hapohapo. Chama hiki cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilianzishwa mwaka 1933, na wengi mnaonitazama ada zenu au za wazazi wenu zilitoka kwenye kahawa. Lakini nyumbani kwa bibi tulikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Mimi nilijifunza kuinywa hapa mjini, kwa wazee wenye mabirika ya mkaa, kikombe kidogo, chungu, na kipande cha kashata. Mkija na wazee wenu wakaribisheni kahawa hii. Usiwaharakishe, waacheni wakae.

Mchana, mama lishe. Hapa sina mengi, ila angalieni sahani. Wali huu, ukibahatika, ni mchele wa Lower Moshi, kwenye mashamba ya umwagiliaji hapo chini. Perege ni wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Sukari kwenye chai ni ya kiwanda cha TPC, miwa yake mnaipita mkielekea kusini ya mji. Ulizeni pia machalari, ndizi zilizopikwa na nyama bila kupondwa, na kiburu, ndizi na maharage. Kiburu hakipikwi kila siku, kwa hiyo kikiwepo usiulize mara mbili. Ijumaa muwahi pilau na biriani kwa majirani zetu Waislamu, mapema, maana baada ya swala hampati kitu.

Jioni mishkaki, chips mayai, mzuzu wa kuchoma. Mnavijua.

Kuna aliyeniuliza mbege. Mbege ya kweli, ya ndizi mbivu na ulezi, inywewe mlimani kwenye kata, mkiwa mmekaa na wenyeji, si kwa kupita njia. Kisusio nacho, supu ya mbuzi yenye damu yake, ni hivyohivyo, kinaliwa pale mbuzi anapochinjwa. Hivyo viwili mngojeeni baba mkwe.

Wanaokuja kwa treni, na ninafurahi sana kwamba treni ya abiria kutoka Dar ilirudi Desemba 2019, mnashukia palepale nilipoanzia. Mizigo mpeni mtu awatunzie, mje kwa miguu.

Tumefika Mbuyuni. Bibi yangu aliuzia ndizi hapa. Akimaliza alininunulia chai na andazi moja, tunagawana, kipande kikubwa changu. Kesho nakuja na mama, bila kamera hii kubwa, kununua mkungu wa mshare na kusimama naye jikoni mpaka nijue ni wakati gani hasa anaacha kuponda na kuanza kupekecha. Amesema tuwe tumefika kabla ya saa moja, wauzaji wa kutoka Uru ndio wanashusha saa hizo, na nikichelewa ananiacha.