Matoleo Tunayoyaahidi: Kusasisha Fremuwaki katika Maktaba ya Modemu

Wenzangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwenye orodha ya mabadiliko huandikwa kwa mstari mmoja tu: "Tumesasisha matoleo ya fremuwaki yanayokubaliwa." Watu wengi huuruka mstari huo. Mimi nauona kuwa ndio mzito kuliko yote, kwa sababu unamgusa hata mtu ambaye hakuomba kitu kipya chochote.

Nitumie mfano ulio wazi. Kampuni ya Espressif hutengeneza chipu za ESP32 pamoja na fremuwaki yake, yaani msimbo wa msingi ambao programu za kifaa hujengwa juu yake, iitwayo ESP-IDF. Juu ya fremuwaki hiyo kuna maktaba ya esp_modem, ambayo huiwezesha chipu kuzungumza na moduli ya mtandao wa simu, iwe SIM800, SIM7600 au BG96, kupitia laini ya siriali. Maktaba hii haimo ndani ya fremuwaki. Hutolewa pembeni, ina namba zake na ratiba yake. Fremuwaki nayo ina mwendo wake, na anayejenga kifaa huchagua mwenyewe toleo gani la hiki aliunganishe na toleo gani la kile.

Kwa sera ya kawaida ya ESP-IDF, kila toleo hutunzwa kwa miezi 30. Miezi 12 ya kwanza hupata marekebisho kwa wingi, na 18 inayobaki hupata yale mazito na ya usalama. Toleo la 4.4 lilitoka Januari 2022, muda wake ukaisha Julai 2024. La 5.0 lilitoka Desemba 2022, na baada yake yamefuata mengine takribani kila nusu mwaka. Pigeni hesabu: wakati wowote yako matoleo manne au matano yaliyo hai. Zidisha kwa aina za chipu, nyingine za usanifu wa Xtensa na nyingine za RISC-V, kisha zidisha tena kwa aina za modemu. Hakuna timu inayojaribu kila mchanganyiko. Kwa hiyo tunapoandika kwamba toleo fulani linakubaliwa, ni lazima tujue tunaahidi nini hasa.

Msimamo wangu ni huu: toleo liandikwe kwenye orodha ikiwa tu linajengwa na kujaribiwa kila msimbo unapobadilika. Toleo ambalo mtu mmoja alilijaribu zamani likapita halitoshi. Na toleo ambalo tunadhani bado litafanya kazi, kwa sababu hakuna aliyelalamika, ndilo la kwanza kuondolewa.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kuruka kutoka 4.4 kwenda 5.0 kulikuwa na mengi ya kujifunza. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu, ilitoka GCC 8.4 ikaenda 11.2. Kwenye Xtensa, aina ya namba iitwayo uint32_t ilikuwa int isiyo na alama ya hasi. Ikawa long isiyo na alama ya hasi. Ukubwa ni uleule, biti 32, lakini kwa kompaila ni aina mbili tofauti. Kila mahali palipochapisha namba hiyo kwa %u, alama inayotarajia int, pakaanza kutoa hitilafu, na katika maktaba ya modemu sehemu hizo ni nyingi: nguvu ya mawimbi, kasi ya laini, urefu wa data iliyopokelewa.

Wapo waliotibu hili kwa kuweka sharti la makro ya ESP_IDF_VERSION: kama fremuwaki ni ya 5 na kuendelea, andika hivi; kama ni ya zamani, andika vile. Mimi sikubaliani na njia hiyo pale ambapo ipo nyingine. Ukitumia PRIu32, alama inayojirekebisha kwa aina sahihi, msimbo mmoja huwa sahihi pande zote mbili, na hakuna sharti la kukumbuka kuliondoa baadaye. Kila sharti la toleo ni njia nyingine ambayo lazima ijaribiwe. Masharti kumi yaliyotawanyika kwenye mafaili kumi humfanya anayesoma asijue tena ni msimbo gani hasa unaokwenda kwenye kifaa chake. Pale ambapo sharti haliepukiki, liwekwe kwenye faili moja, liitwe kwa jina la kazi linayoifanya, na msimbo mwingine wote usijue kwamba kuna matoleo mawili.

Kuna badiliko jingine la 5.0 ambalo halikupiga kelele hata kidogo. Aina ya muda, time_t, ilitoka biti 32 ikawa 64, na hivyo kuondoa tatizo la tarehe 19 Januari 2038. Ni jambo jema kabisa. Lakini aliyekuwa akisoma saa kutoka kwenye modemu kwa amri ya AT+CCLK, kisha akaihifadhi kwenye kumbukumbu ya flashi kama rundo la baiti ndani ya muundo wa data, alipopandisha fremuwaki alikuta muundo umekuwa mrefu na data ya zamani haisomeki. Kompaila haikusema neno, na majaribio ya kujenga yalipita yote.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu modemu ni kifaa kigumu kuliko vihisi vingi tunavyoviunganisha. Mazungumzo yake ni ya zamani: mtindo wa amri za AT ulianza na modemu ya Hayes mwaka 1981, na leo amri za mtandao wa simu zimeelezwa katika kiwango cha 3GPP TS 27.007. Unatuma amri, unasubiri "OK". Lakini "OK" haiji lazima kwa pamoja. Inaweza kuja "O", kisha baada ya muda mfupi "K". Inaweza pia kutanguliwa na taarifa ambayo hukuiomba, kwamba simu inaingia au mtandao umepotea. Maktaba hukusanya vipande hivyo, na namna vinavyokatika inategemea jinsi dereva ya UART, yaani mlango wa siriali wa chipu, ndani ya fremuwaki inavyovipokea na jinsi kazi za programu zinavyopangiwa zamu.

Chukueni kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Kila baiti hubebwa na biti 10, kwa hiyo ni baiti 11,520 kwa sekunde. Foleni iliyo ndani ya UART yenyewe ya ESP32 ina nafasi ya baiti 128. Inajaa kwa takribani milisekunde 11. Fremuwaki mpya ikichelewesha katizo (interrupt) linalotoa data kwenye foleni hiyo, na nyaya za RTS na CTS, zinazomwambia mtumaji asubiri, hazijaunganishwa, baiti zinapotea. Katika amri za AT utaona jibu limekatika. Ukiwa kwenye CMUX, itifaki ya TS 27.010 inayopitisha amri na data kwa wakati mmoja kwenye waya uleule, baiti moja ikipotea fremu nzima inaharibika, na PPP, itifaki inayobeba intaneti juu yake, inaona kama mtandao wa simu ndio mbaya. Mtumiaji atalaumu antena. Ndiyo maana nasema kujengeka bila hitilafu hakuthibitishi chochote kuhusu modemu. Toleo jipya la fremuwaki likiongezwa, angalau modemu moja halisi iunganishwe, iingie CMUX, ipakue faili kubwa huku amri za AT zikitumwa sambamba, kisha itoke na kuingia tena. Majaribio ya modemu ya kuigiza kwenye kompyuta yana faida yake, kwa sababu unaweza kukata jibu kila mahali kwa makusudi. Hayaonyeshi ucheleweshaji wa chipu halisi.

Mabadiliko ya 5.3 nitayapita haraka. Kijenzi kimoja kikubwa cha dereva kiligawanywa, UART ikapata cha kwake. Kile cha zamani kilibaki ili miradi isivunjike. Ni kazi ya mistari michache kwenye faili la CMake, linaloeleza jinsi mradi unavyojengwa.

Sasa tuzungumze kuhusu kuondoa. Kuongeza toleo jipya humfurahisha kila mtu. Kuondoa la zamani kunaumiza, na kwa huruma watunzaji huahirisha. Naielewa huruma hiyo, lakini hebu tutazame inamfikisha wapi huyo tunayemhurumia. PPP yenyewe haiko kwenye maktaba yetu. Iko kwenye lwIP, programu ya mtandao iliyo ndani ya fremuwaki. Mwaka 2020 ilitangazwa kasoro ya usalama ya CVE-2020-8597 kwenye programu ya pppd, inayoendesha PPP kwenye Linux, katika sehemu ya uthibitishaji ya EAP: pakiti iliyotungwa kwa nia mbaya inaweza kufurika bafa, yaani nafasi ya muda ya kuweka data. Msimbo wa PPP wa lwIP umetokana na pppd, na kasoro ileile ilikuwemo pale EAP inapowashwa. Kasoro ya namna hiyo ikitokea kesho, sisi hatuna uwezo wa kuiziba. Itazibwa kwenye fremuwaki zilizo hai tu. Tukiendelea kuandika kwamba fremuwaki iliyokwisha muda inakubaliwa, tunampa mtu sababu ya kubaki mahali ambapo hakuna wa kumsaidia.

Basi iondolewe, lakini iondolewe kwa utaratibu. Sharti la toleo liandikwe kwenye faili la idf_component.yml, kwa mfano >=5.0 (yaani 5.0 na kuendelea), lisibaki kwenye maelezo ya kusoma tu. Kidhibiti cha vijenzi husoma faili hilo. Aliye kwenye 4.4 atapewa moja kwa moja toleo la mwisho la maktaba linalomfaa, na mradi wake utaendelea kujengeka. Sharti likisahauliwa, atapewa jipya kabisa na kukutana na kurasa za hitilafu ambazo hazitamweleza kilichotokea.

Huwa naulizwa kama kuondoa toleo kunahitaji kupandisha namba kuu ya maktaba, ile ya kwanza kati ya namba za toleo. Ikiwa fremuwaki hiyo imekwisha muda na sharti limeandikwa vizuri, namba ya kati inatosha. Ikiwa bado iko hai, pandisha namba kuu, na ueleze sababu. Na tawi la mwisho la zamani lisifutwe. Lipokee marekebisho ya usalama ya mchambuzi wa amri, yaani sehemu inayosoma majibu ya modemu, kwa sababu jina la mtandao na ujumbe mfupi ni data inayotoka kwa watu tusiowajua.

Kuna sheria inayoleta uzito mpya. Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni ya 2024/2847 kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali, na itatumika kikamilifu kuanzia tarehe 11 Desemba 2027. Mtengenezaji atatakiwa kushughulikia udhaifu wa bidhaa yake kwa miaka mitano angalau, isipokuwa kama bidhaa inatarajiwa kutumika kwa muda mfupi zaidi. Miaka mitano ni miezi 60. Fremuwaki ya miezi 30 ni nusu yake, hata kama kifaa kiliuzwa siku ileile toleo lilipotoka, na hilo halitokei. Kwa hiyo kifaa chenye modemu, kilicho nguzoni au ndani ya mita ya maji, kitahama fremuwaki angalau mara moja kikiwa kazini, na kitahamishwa kupitia modemu hiyohiyo.

Anayefanya uhamisho huo anahitaji kwanza kupandisha maktaba huku fremuwaki ikiwa ya zamani, ajaribu, kisha apandishe fremuwaki huku maktaba ikiwa ileile. Akilazimika kubadilisha vyote kwa pamoja na modemu ikakataa kuunganishwa, hatajua aanzie wapi kutafuta. Ndiyo sababu kila toleo la maktaba linapaswa kukubali fremuwaki mbili zinazofuatana kwa wakati mmoja, na tarehe ya kupandisha sharti itangazwe kwenye toleo linalotangulia, ikiwa na mwezi na mwaka.