Yule mama alifika? Mazungumzo yangu Uyole kuhusu michango ya kansa redioni

Shikamooni wazee, na nyie vijana mliosimama mlangoni sogeeni bana, viti vipo. Mimi nimetangaza redio hapa Mbeya miaka kadhaa, vipindi vya asubuhi, na nimechangishia sana wagonjwa wa kansa. Kila nikipita sokoni naambiwa nyie wa redio mnakula hela za wagonjwa, ndo maana nimeomba tuongee.

Siwalaumu. Mtu kapata meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii" mara ngapi sijui, halafu asubuhi anasikia na sisi tunasoma namba, atatutofautishaje? Na ile tozo ya miamala ya simu ya 2021 ndo iliuma zaidi, mtu anataka kutuma elfu moja anaanza kwanza kupiga hesabu ya makato.

Ila watu wa huku siyo wachoyo, hilo nakataa kabisa. Kuna asubuhi tulimweka hewani mama wa Rungwe, kansa ya mlango wa kizazi, kaandikiwa mionzi Ocean Road, ile hospitali ya kansa ya Dar. Wala hakulia, alisema tu, "wanangu, nauli ya kwenda ninayo, ya kukaa huko ndo sina". Simu zikajaa. Bodaboda wa kijiweni wakachanga kwenye helmeti wakatuletea noti zimekunjamana, tukazihesabu mezani wote tunaona, na mama mmoja muuza viazi wa hapahapa Uyole akatuma mia tano akapiga kusema hiyo ni ya chai ya njiani.

Sasa sikilizeni alichosema yule mgonjwa, maana sisi watangazaji huwa tunakiruka. Mionzi ile unapigwa Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano hivi, na kutoka hapa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, huwezi kupigwa ukarudi kulala nyumbani. Kwa hiyo kuna chumba, kuna ugali, kuna mdogo wake aliyeacha shamba likiwa na magugu akamsindikiza. Hewani tunasema "matibabu" basi tumemaliza, halafu mtu akisikia mgonjwa kasamehewa gharama za hospitali anasema tumeibiwa, na ana haki ya kusema hivyo maana hatukumwambia.

Miezi miwili ikapita, yule mama wa viazi akanipigia. "Mwanangu, yule mama alifika? Chai alikunywa?"

Sikuwa na jibu jamani. Kituo nilichokuwepo tukishafunga namba tunahamia kwa mgonjwa mwingine, wa kufuatilia hayupo. Niliona aibu mpaka nikatafuta namba ya nyumbani kwao, akapokea yule mdogo mtu, wamemaliza mionzi, wamerudi, dada anatembea mwenyewe mpaka bombani. Kesho yake nikasoma yote hewani, nauli shilingi ngapi, chumba shilingi ngapi, na ile iliyobaki wamenunulia mbolea, nikaisoma na hiyo sikuificha. Hakuna hata mmoja aliyepiga kulalamika kuhusu mbolea. Mama wa viazi alipiga akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akakata.

Hapa ukumbini nani alishawahi kuchangia mgonjwa redioni na hajaambiwa chochote mpaka leo? Nyoosheni mikono. Haya, wengi hivyo. Karatasi hii inapita, andikeni jina la mgonjwa na mwezi mliochangia, kesho asubuhi naanza kupiga simu.