Namna ya kupima umri wa jiwe kwa urani na risasi

Chembe hii mnayoiona kwenye skrini haifiki hata robo milimita. Ilitoka Jack Hills, magharibi mwa Australia, na mwaka 2001 watafiti walitangaza kuwa ina miaka bilioni 4.4. Mwamba ilimokutwa ni changarawe za mto zilizogandamana, na umri wake ni kama bilioni 3 tu. Kwa hiyo kabla hatujashika nyundo: tunapima umri wa chembe, si lazima uwe umri wa jiwe lililoibeba.

Chembe yenyewe ni zirkoni, aina ya madini. Ikiumbika, hupokea urani na kuikataa risasi (ile metali, si ya bunduki). Risasi utakayoikuta humo, karibu yote imezaliwa humo humo, urani ikigeuka kidogo kidogo.

Leo tunatumia granaiti. Chukua kilo mbili tatu za jiwe bichi, lisiloliwa na mvua, pitisha kwenye karasha, saga, kisha chekecha. Safisha mashine kila ukibadilisha sampuli! Mimi niliwahi kupuuza, nikapata umri wa aina mbili kwenye jiwe moja. Nilishangilia siku mbili, kumbe kundi la pili ni vumbi la sampuli ya jana.

Sasa karai na maji. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, hapa hamna la kujifunza kwangu: zungusha, mwaga chepesi, baki na kizito. Pitisha sumaku iondoe vyenye chuma. Kinachobaki kitie kwenye kimiminika kizito. Kwatzi itaelea, zirkoni itazama. Kimiminika hicho ni sumu, vaa glavu.

Chini ya hadubini, okota kwa sindano chembe angavu zisizo na nyufa. Zigandishe kwenye gundi ya epoksi, zisugue mpaka zifike nusu, kisha zipige picha kwa hadubini ya elektroni. Ona miviringo hii, kama kitunguu kilichokatwa. Kiini kinaweza kuwa kikongwe kuliko ganda la nje, kwa hiyo doa lako, yaani mahali mashine itakapopiga, likae upande mmoja tu. Ukikosea hapa, mashine ya mamilioni haikuokoi.

Mashine itapiga doa kwa leza au miali ya ayoni na kuhesabu atomi. Kila baada ya madoa machache, pima zirkoni ambayo umri wake unajulikana.

Toa kikokotoo. Urani 238 hugeuka risasi 206; namba hizo ni uzito wa atomi. Tuseme kwa kila atomi 2 za urani 238 umekuta 1 ya risasi 206. Uwiano ni 0.5. Ongeza 1, bonyeza ln (logi asilia), gawanya kwa 0.155125, ambayo ni kasi ya urani hiyo kugeuka kwa miaka bilioni: unapata miaka bilioni 2.61.

Usiandike bado. Hiyo ni saa ya kwanza. Ipo saa ya pili, urani 235 inayogeuka risasi 207. Hii inakimbia zaidi: nusu yake huisha kwa miaka milioni 704, ile ya kwanza kwa bilioni 4.47. Kigawanyo chake ni 0.98485, na uwiano wa risasi 207 kwa urani 235 ukiwa 12.1, nayo inasema 2.61. Zimepatana, andika.

Zisipopatana? Tuseme umepata 0.4 na 9.7. Saa ya kwanza inasema bilioni 2.17, ya pili 2.41. Risasi imevuja. Lakini kama ilivuja karibuni, 206 na 207 zilitoka kwa kiwango kimoja, na uwiano baina yao haukuguswa. Tumia huo: unarudi palepale, 2.61.