Kitabu yako, faili yako: kuchapa moya-moya toka Lubumbashi

KASONGO: Jambo yenu bote, bale ba Kenya, Katuba, Kampemba, na bale banatusikiliza mbali. Leo ni bitabu. Ya Mado, bengi biko na maandiko mu ordinatere lakini banaogopa feza, banazani kuchapa ni lazima kopi elfu moya.

MADO: Ile ni ya ofuseti, mashini kubwa ya kuchapa, mudogo yangu. Ofuseti inaomba plaki, kile chuma chenye kubeba kurasa, na plaki unailipa tu bei moya, uchape kopi kumi ao elfu, njo maana kopi kidogo zinakuwa kali. Kuchapa kwa komande ni numeriki, faili inatoka mu ordinatere moya kwa moya, hakuna plaki, mutu akinunua moya inatoka moya. Lulu, kampuni ya ku intaneti, inafanya vile tangu 2002, aliianzisha Bob Young, mwenye alikuwa kati ya bale balianzisha Red Hat, kampuni ya programu. Amazon nayo iko na KDP, fasi yake ya kuchapa bitabu vile, kitabu ya karatasi ianze na kurasa 24.

KASONGO: Na programu ya kuandikia?

MADO: LibreOffice. Iko bure tangu 2010, na ukisha kuiweka haiombe intaneti. Piga F11, stili zinafunguka, ile mipango ya herufi yenye iko na majina. Kila kichwa ya sura uipe stili yake, usiikuze na mukono moya-moya, siku ukitaka kubadilisha herufi unagusa fasi moya sura zote zinafuata, na orodha ya sura inajitengeneza. Bantu banaruka hii, kisha wiki ya mwisho habalale. Mi naomba sana, anza na stili.

KASONGO: Na marje, ile nafasi nyeupe ya pembeni?

MADO: Ya ndani iwe pana, juu pale njo karatasi zinabandikwa. Kitabu ya kurasa 200, KDP inaomba ndani nusu inchi. Unene ya mugongo ya kitabu nayo unahesabu: karatasi ya kreme ni inchi 0.0025 kwa kila ukurasa, kwa hiyo 200 inafanya nusu inchi, karibu milimita 13. Usilipe mutu wa kuchora kava mbele ya kujua kurasa ni ngapi.

KASONGO: Sawa, lakini mi niko Lubumbashi, kopi itanifikia namna gani?

MADO: Hapo njo niseme wazi. Usafiri toka kule kwa Lulu ao Amazon unaweza kupita bei ya kitabu yenyewe. Ile njia ni ya ndugu zetu ba Bruxelles na Paris, akikomanda inachapwa kule kule Ulaya. Ya hapa, beba PDF, faili yenye kurasa zake hazihame, ku bale ba fotokopi kando ya Unilu, iniversite ya hapa, ufanye A5, juu A4 moya ukiikunja inatoa kurasa ine, basi kama ni ya kupiga agrafe hesabu igawanyike kwa ine. Chapa makumi mbili, uzisha ku kanisa, ku masomo, ile feza inachapa zingine.

KASONGO: ISBN, ile namba ya kitabu, je?

MADO: Ile KDP inakupa bure inatumika kwao tu, kopi za hapa usiiweke.

KASONGO: Na nikipeleka Word ku fotokopi?

MADO: Hapana! Ordinatere yake haina herufi zako, anafungua tu kurasa zinahama, sura inaanza chini kabisa ya ukurasa. PDF, na herufi zikuwe ndani yake. Na uweke mu kle mbili, juu kura inakatika hata pale.