Msikilizaji Anapopiga Makofi

Mwangaluka! Wazee wangu, akina mama, walimu na vijana wa Tabora, asanteni kwa kufika.

Kila Jumamosi tunakutana kusikiliza podikasti za uchunguzi, simu ikiwa ndani ya sufuria ili sauti isikike mpaka nyuma, nami nikisimamisha kila mara niwafasirie. Leo podikasti tutaziweka kando kidogo. Nataka kuwazungumzia ninyi mnaosikiliza.

Mwandishi tuliyemsikiliza zaidi ni Connie Walker, Mkree, yaani mtu wa mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili, kutoka jimbo la Saskatchewan, Kanada. Mfululizo wake wa 2022, uliopata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, unaanza na baba yake mzazi, ambaye alikuwa polisi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alimsimamisha dereva aliyemshuku kuwa amelewa, kumbe ni padri aliyemdhulumu utotoni, katika shule ya bweni ya watoto wa wenyeji wa asili. Akampa kipigo.

Mnakumbuka hapa ndani ilikuwaje. Vigelegele! Kijana mmoja akapanda juu ya benchi: "Mpe, mpe tena!" Mzee aliyekaa dirishani hakupiga makofi. Alingoja kelele zitulie, akauliza: "Huyo padri, kati ya shule na siku ile, nani alikuwa anamlinda?" Swali lile lilizidi tafsiri yangu yote ya siku hiyo. Makofi yanamaliza kesi pale barabarani. Walker hakuimaliza pale. Aliwatafuta wengine waliosoma shule ile, akawasikiliza mmoja mmoja.

Kuna lingine, nalisikia karibu kila wiki: "Hata sisi tulichapwa." Tabora ni mji wa shule, kila mzee ana hadithi yake ya kiboko, na ninyi wazee mkianza kushindana ni nani aliyechapwa zaidi hatutoki humu. Naelewa. Ndivyo mtu anavyoisogeza habari ya mbali ikae karibu naye. Lakini wewe baba yako alikununulia sanduku la bati, akakutafutia ada, akakupeleka mwenyewe, na likizo ukarudi nyumbani ukisema Kinyamwezi na bibi yako. Kule, sheria ilibadilishwa mwaka 1920 ili mtoto alazimishwe kwenda, na mzazi aliyekataa aweze kuadhibiwa. Watoto wapatao 150,000 walipitia shule hizo. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, mwaka 2015, iliyaita mambo hayo mauaji ya kimbari ya kitamaduni. Kiboko kilikuwepo, ndiyo, lakini shabaha ilikuwa kumkata mtoto na kwao.

Kisha habari ya Cleo, binti wa Kikree ambaye Walker alimfuatilia katika podikasti nyingine. Hapa akina mama mliniuliza kwa ukali: "Mama yake alikuwa wapi?" Tuseme ukweli, swali hilo tunalo tayari mdomoni hata kabla ya kipindi kuanza. Saskatchewan ilianzisha mpango mwaka 1967, watoto wa wenyeji wa asili wakatangazwa magazetini na kwenye televisheni wapate wa kuwaasili, kama mnavyoona matangazo ya viwanja. Cleo na ndugu zake walichukuliwa, wakatawanywa. Miaka mingi ndugu waliamini aliuawa akijaribu kurudi nyumbani. Walker alikuja kugundua kwamba alijitoa uhai New Jersey mwaka 1978, akiwa na miaka 13. Nilipofasiri hilo, vijana wengine walikunja uso kwa sababu hakuna muuaji wa kukamatwa. Walikuwa wanangoja jina. Majina yapo, ila yako kwenye mafaili: aliyetia saini, aliyeandika tangazo, aliyemsafirisha.

La mwisho ni la mwalimu mmoja, naye yumo humu, anisamehe: "Hayo ni ya Kanada." Mwalimu, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, nchini mwetu. Tarehe 26 Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, jamii ya wenyeji wa asili wa msitu wa Mau, kwa kuwafukuza humo. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000 na ardhi yao itambuliwe. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena.

Jumamosi ijayo tunaanza na hukumu hiyo. Atakayeketi dirishani aje na swali. Wa benchi tunao tayari.